Nilipoacha kusahihisha rangi kwa jicho

Mama mmoja alinirudishia picha za sendofu ya binti yake. Akaziweka mezani bila maneno mengi: "Mwanangu, huyu ni binti yangu au wa jirani?" Uso ulikuwa mwekundu kama umetoka kuchomwa na jua, na kitenge cha kijani kilikuwa na rangi ya tope. Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kilikuwa safi.

Nilifanya tunachofanya wengi. Punguza wekundu kidogo, chapa, punguza tena. Karatasi saba za picha ziliishia kwenye ndoo ya taka.

Baadaye nikasikia habari za kadi ya IT8, nikainunua. Kumbe ile ni ya skana! IT8.7/2 ni karatasi ya picha yenye viraka vya rangi vilivyokwisha kupimwa, na vipimo vyake huja kwenye faili ya toleo hilohilo la kadi. Unaiskani, kisha programu inalinganisha ilichoona skana na vipimo vya kweli. Ukitumia faili ya toleo jingine, unaidanganya skana yako mwenyewe.

Printa huenda kinyume chake. Namba za rangi unazo tayari kwenye kompyuta. Usichokijua ni rangi itakayotua karatasini. Kwa hiyo unachapa chati ya viraka vya rangi, unapima kila kiraka kwa spektrofotomita, yaani kifaa cha kupimia rangi, halafu programu inatengeneza profaili, faili inayoeleza jinsi printa yako inavyotoa rangi kwenye karatasi na wino huo. Mimi natumia ArgyllCMS, ni ya bure, ingawa inaendeshwa kwa kuandika amri na mwanzoni inatisha. Kifaa cha kupimia ndicho ghali. Niliazima.

Na bado nilikosea. Nilichapa chati huku draiva, ile programu inayoiendesha printa, ikiendelea "kuboresha" rangi. Ni sawa na fundi kumpima mteja akiwa na koti ili amshonee shati. Chati ichapwe mbichi: zima usimamizi wa rangi kwenye programu, zima na kwenye draiva. Aina ya karatasi na ubora utakaochagua hapo ndivyo utakavyotumia siku zote na profaili hiyo. Kisha iache ikauke. Mimi huilaza hadi kesho yake, kwa sababu wino hubadilika unapokauka.

Ukichapa kupitia draiva ya kawaida, tengeneza chati ya RGB (namba za nyekundu, kijani na buluu) hata kama printa ina wino wa CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi), kwa kuwa draiva hupokea RGB na kugawa wino yenyewe. Chati kubwa za CMYK kama IT8.7/4, yenye viraka 1,617, waachie wenye matbaa.

Profaili ya karatasi ya kung'aa usiipeleke kwenye isiyong'aa. Ukibadili wino wa kujaza, pima upya. Mimi jina la faili huandika printa, karatasi, wino na tarehe, maana niliwahi kuwa na faili tatu zote zinaitwa "mpya".