Nyonga ya mtoto mchanga: mikanda au kufuatilia?

Ninyi mnaoanza zamu kliniki ya mifupa ya watoto, wazazi wa mtoto ambaye nyonga yake haijakaa vizuri tunduni, yaani kwenye kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja, watawauliza swali hili hadi mlizoee: huyu afungwe mikanda, au tusubiri? Kabla ya kujibu, mpime mtoto kwa mikono yako. Awe ameshiba na ametulia, alale mezani wala si mapajani, na mikono yako iwe na joto. Kunja goti na nyonga, dole gumba ndani ya paja, kidole cha kati nje, juu ya mfupa unaochomoza. Fungua mguu taratibu huku kidole hicho kikiinua. Nyonga iliyotoka ikirudi tunduni, utausikia mfupa ukiteleza chini ya kidole. Hiyo ndiyo dalili aliyoieleza Ortolani, daktari wa watoto wa Italia, mwaka 1937. Mlio mwembamba tu, bila mfupa kusogea, usikutishe.

Nyonga iliyotoka, au inayoendelea kutoka na kurudi baada ya wiki chache za mwanzo, naifungia mikanda ya Pavlik, inayoshikilia mapaja yakiwa yamekunjwa na kutanuka, bila mjadala. Ugumu uko kwa mtoto ambaye nyonga yake imetulia mkononi, lakini ultrasaundi inaonyesha tundu bado halina kina. Kwa kipimo cha Graf, yaani njia ya kupima nyonga kwenye picha ya ultrasaundi, pembe ya alfa huonyesha kina cha tundu: nyuzi 60 na kuendelea ni ya kawaida. Nyuzi 50 hadi 59 kabla ya miezi 3 mara nyingi ni uchanga tu, na nyonga nyingi za namna hiyo hukomaa zenyewe. Hata nyuzi 43 hadi 49 hazitulazimishi kukimbilia mikanda. Bergen, Norway, watoto 128 wa kiwango hicho waligawanywa kwa kura: wengine wakatibiwa mara moja, wengine wakafuatiliwa kwa ultrasaundi. Walipofikisha mwaka mmoja, nyonga za makundi yote mawili zilikuwa sawa. Ila msiishie hapo: karibu nusu ya waliofuatiliwa nao walihitaji matibabu baadaye.

Kwa hiyo kumfuatilia mtoto bila tarehe ya kurudi ni kumtelekeza. Mama anayetoka mbali kwa nauli ya kuunga usimwandikie "arudi akiona tatizo". Hataliona. Mtoto halii wala haumwi, anapiga mateke kama wenzake, na utakuja kukutana naye anachechemea. Andika tarehe kwenye kadi, chukua namba ya simu, asipokuja mpigie.

Mikanda nayo inataka macho. Mkanda wa mbele unakunja nyonga hadi nyuzi 90 au 100. Wa nyuma unazuia tu mapaja yasikutane, msiuvute kupanua miguu kwa nguvu, maana mtaikata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kila mtoto akirudi, tazameni kama bado ananyoosha goti. Akiacha, mshipa wa fahamu wa paja umebanwa: legezeni, mwiteni mkubwa wenu. Na nyonga iliyotoka ikikataa kurudi ndani ya wiki 3 au 4, vueni mikanda, itafutwe njia nyingine.

Mbeleko msiikataze, magoti yaliyotanuka mgongoni mwa mama yanaisaidia nyonga. Kinachodhuru ni kumviringisha mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja.

Waliotangulia matako, au wenye mzazi ama ndugu aliyewahi kuugua nyonga, waandikieni ultrasaundi ya wiki 6 hata mikono ikisema salama. Pasipo na ultrasaundi, eksirei kati ya miezi 4 na 6.