Usikubali saiti mira ichomelewe

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Mwangaluka. Baba yako anakusalimu, na bibi anauliza mawese uliyomwahidi yamefika wapi. Picha ulizotuma nimezikuza kwenye simu mpaka zikabaki madoa matupu, lakini nilichotaka kukiona nimekiona.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini saiti mira ya upande wa dereva ukiikaza Kigoma mjini inakuwa imelegea tena ukirudi kutoka Kasulu. La pili, kama umruhusu fundi wa mageti aichomelee moja kwa moja kwenye madigadi ili kazi iishe. Naanza na la pili kwa sababu huenda fundi mwenyewe keshaandaa fimbo zake: usimruhusu.

Bodi ya hiyo Land Rover yako, 109, si ya chuma. Waingereza walipoanza kutengeneza Land Rover mwaka 1948, chuma kwao kilikuwa cha mgao baada ya vita, na alumini ndiyo iliyopatikana. Ndiyo maana madigadi yako, boneti na ngozi ya milango vyote ni aloi ya alumini, ingawa chesisi ni chuma. Alumini safi inayeyuka kwenye nyuzi joto 660. Chuma cha ule mguu wa saiti mira kinataka kama 1500. Sasa huyo kijana akiwasha mashine yake ya mageti, bati litakuwa limeshatoboka na kudondoka kabla mguu haujaanza hata kuyeyuka. Alumini ina mafundi wake, wanaochomelea kwa gesi ya agoni, na hata hao hawawezi kuiunganisha na chuma kwa moto wa kawaida. Lingine: saiti mira inatakiwa ikigongwa ikubali kugeuka. Pale Mwanga, hapo Kigoma, bodaboda wanavyopita, ikiwa imeganda, wa kwanza kuipiga kwa usukani ataondoka na kipande cha madigadi.

Turudi kwenye kulegea. Kabla hujashika spana, tafuta kwanza panapocheza. Shika kichwa cha kioo kwa mkono mmoja ukitikise polepole, na mkono mwingine uweke kidole kwenye kila maungio, kimoja baada ya kingine: kioo ndani ya kasha lake, kifundo cha gololi nyuma ya kasha, mkono unapoingia kwenye mguu, na mguu unapokaa juu ya bati. Kidole kitakwambia. Watu wengi wanaikaza skrubu wanayoiona, na skrubu inayoonekana mara nyingi haina kosa lolote.

Kwako naona pabaya pawili, na pabaya zaidi ni kule chini. Kwenye picha ya tatu, ile uliyopiga ukiwa umelala kwenye gurudumu, kuna unga mweupe kuzunguka nati. Wewe umeandika kuwa ni vumbi la chokaa. Si chokaa. Huo ndio ugonjwa wa Land Rover zote: bolti ya chuma ikigusa alumini, kisha pakawa na unyevu kati yao, alumini ndiyo inayoliwa. Metali mbili tofauti na maji vinafanya betri ndogo, na kwenye betri hiyo alumini ndiyo inayolipa gharama. Inageuka unga, tundu linatanuka, nati inabaki imekaza hewa. Gurudumu la mbele linarusha tope pale pale, tope linashika maji siku nzima, na kazi inaendelea hata gari likiwa limeegeshwa.

Maji yenye chumvi yanaharakisha jambo hilo mara nyingi zaidi. Wewe unalisingizia ziwa, ila Tanganyika ni maji baridi, halina hatia. Mwenye hatia ni ile chumvi ya Uvinza uliyokuwa ukiwabebea watu msimu uliopita. Magunia yale yanavuja, gari linaoshwa juu tu, chini hapaguswi. Utakapomaliza kazi hii mwagia maji mengi ya bomba chini ya madigadi yote mawili, na kwenye chesisi vilevile.

Kwa hiyo kukaza hakukusaidii kitu. Unaikaza bolti juu ya bati lililokwisha liwa. Ni sawa na kupandisha mzinga wa nyuki juu ya tawi lililooza kisha ukahangaika na kamba.

Kufungua sasa. Kata usukani gurudumu lielekee nje ili upate nafasi ya kuingiza mikono. Sugua tope kwa brashi ya waya, pakaa dizeli au mafuta ya kulainisha kutu kwenye nati jioni, uache mpaka asubuhi. Bolti za zamani ni za inchi, si za milimita. Zile za robo inchi zinataka spana ya 7/16. Najua huna, na najua utajaribu kumi na mbili. Usijaribu. Itaingia, itacheza, itakula pembe za nati, halafu utanipigia simu usiku. Pale sokoni kwenye vyuma chakavu hazikosekani spana za inchi, tena nzuri kuliko mpya za siku hizi. Ikishindikana kabisa, kata nati kwa msumeno wa chuma. Bolti hiyo tunaitupa hata hivyo.

Ukishautoa mguu, sugua unga wote mpaka uone alumini inayong'aa. Utakuta tundu si duara tena. Usihangaike kuliziba. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini uombe kibamba tambarare, unene wa milimita 3 ukipatikana, ukubwa wa kiganja. Hicho kinakaa chini ya bati, kinabeba nati, na mtikisiko unasambaa kwenye eneo pana badala ya kung'ang'ania tundu moja. Toboa matundu yake kwa kupimisha na mguu wenyewe. Kisha kata vipande viwili vya mpira wa tyubu ya zamani: kimoja kati ya mguu na bati juu, kingine kati ya bati na kibamba chini. Kingo za tundu zipake rangi, hata ya mlango wa nyumba, iache ikauke. Nia ni kwamba chuma na alumini visishikane mikono tena.

Bolti mpya ziwe za milimita 6 zilizopakwa zinki, spana yake ni namba kumi. Zinaingia kwenye tundu la robo inchi bila kutoboa zaidi. Wapenda magari ya kale watakwambia umeharibu uhalisi wa gari. Hao hawapiti rafu rodi na shehena. Zinki nimeitaja kwa sababu yenyewe na alumini hazigombani sana. Usikubali kuuziwa washa za shaba nyekundu kwa kuwa ni laini. Shaba na alumini ni maadui kuliko hata chuma. Pakaa grisi kwenye shina la bolti. Mimi nilikuwa natumia nta ya nyuki, kwa kuwa ofisini kwetu ilikuwa haikosekani, ila grisi inatosha.

Nati ziwe zile zenye plastiki ndani. Hapa baba yako amenyanyua kichwa kutoka kwenye redio kusema washa ya springi ndiyo dawa, reli nzima imeshikwa na springi. Nimemkumbusha kuwa reli nzima ilikuwa pia na watu wa kutembea njia wakikagua nati kila mara, na amenyamaza. Mtikisiko wa kwenda kando kwa kando unaifungua nati hata ikiwa na springi; plastiki inaubana uzi wenyewe. Nati ya namna hiyo ukiifungua usiirudishe, weka mpya. Na usikaze kama unafunga gurudumu: mpira ukianza kutoka pembeni kidogo, simama. Baada ya safari ya kwanza ya Kasulu rudia kuikaza mara moja, kwa sababu mpira unakaa.

Pabaya pa pili ni kifundo cha gololi. Umeandika kwamba fundi alikipaka grisi "kisipige kelele". Grisi niliyokwambia uweke kwenye bolti, pale ndipo isipotakiwa kabisa! Gololi ile inasimama kwa kukwaruzana na kikombe chake, hakuna kingine kinachoishika. Ukiilainisha umeiagiza iinamishe kichwa kila mkipita kwenye mawimbi ya barabara. Legeza skrubu ya kifundo, tenganisha, osha pande zote mbili kwa petroli mpaka kitambaa kitoke kikavu, sugua kidogo kwa msasa laini. Ikibaki inateleza, kata kijipande cha kopo la soda ukitie ndani ya kikombe, kisha ukaze. Gololi ikiwa imelika upande mmoja, hapo hakuna ufundi, nunua kichwa kizima.

Kioo chenyewe usipeleke kwa mkata vioo vya kabati. Kioo cha ukutani ni bapa, kinaonyesha eneo dogo, na kikivunjika kinatoa visu. Tafuta cha gari. Kikiwa kimebinuka, kumbuka lori unaloliona nyuma liko karibu zaidi kuliko linavyoonekana, na kwenye ile barabara ya kuelekea Uvinza malori hayakawii.

Kuhusu kuweka saiti mira za Hilux au Prado, wazo ambalo baba yako analiunga mkono kwa nguvu zote, jibu langu ni hapana. Kasha lao ni pana, linashika upepo, na mguu wake umekatwa kwa ajili ya mlango wenye umbo lake. Ungetoboa matundu mengine kwenye bati ambalo tayari lina ya kutosha.

Jambo moja usije ukasumbukia. Injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma gari limesimama, picha kwenye kioo itatetemeka hata ukifunga kila kitu sawasawa. Dizeli ile ilizaliwa hivyo. Ukiondoka na mwendo ukakaa sawa, itatulia. Isipotulia, ndipo urudi kupima kwa kidole.

Kuiseti, kaa kwenye kiti kama unavyoendesha kweli, si ukiwa umejinyoosha. Ona ukingo mwembamba wa ubavu wa gari, na mstari wa mbali wa barabara upite katikati ya kioo. Pakia mizigo halafu uangalie tena, kwa sababu springi za nyuma zikilala, pua inapanda na kioo kinaangalia chini.

Nimempa kondakta wa basi la kesho kifurushi. Kina bolti, nati zenye plastiki ndani, na spana ya 7/16 ambayo nataka irudi. Ukishautoa mguu, usitoboe chochote kwanza. Safisha, piga picha ya tundu ukiwa umeweka shilingi mia pembeni nijue ukubwa, unitumie. Ufa ukiwa umeshaanza kutoka kwenye tundu, kibamba kitabidi kiwe kikubwa zaidi.

Mama yako