Mtoto wa Kibosho na mikoko ya pwani

SWALI: Shikamoo babu. Nasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, kwetu ni Kibosho. Nataka kazi ya maisha yangu iwe kurudisha mikoko iliyokatwa. Wenzangu wananicheka, eti mtu wa mlimani atajua nini habari za bahari. Wewe ulikuwa bwana misitu Rufiji: nianze na miche mingapi? Na je, kuna riziki humo?
Mwanafunzi, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la miche mingapi ndilo lililoniaibisha mimi. Mwaka wangu wa kwanza delta tulichomeka mbegu za mkoko kwenye tope lililo wazi, mistari imenyooka kama gwaride. (Mbegu hiyo huchipua ingali mtini, ndefu kama rula, kazi yako ni kuichomeka tu.) Wakubwa wakaja, wakapiga picha, wakaondoka. Maji makubwa ya bamvua yakang'oa nusu, iliyobaki ikaoza. Mama mmoja mwokota kaa akatutazama: "Hapa maji yanakaa mno. Mkoko ungepapenda, ungeshaota."

Baadaye nikasoma habari za marehemu Robin Lewis wa Florida, Marekani. Pale West Lake, kuanzia 1986, yeye na wenzake hawakupanda hata mkoko mmoja. Walitoa kifusi kilichofukia ardhi, wakafungua mikondo, maji yakaanza kujaa na kupwa kama zamani. Mbegu zikaja zenyewe na maji. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo alisisitiza hilo: jua kwanza kwa nini mikoko haipo.

Hao wanaokucheka wamesahau kwamba umekulia kando ya mfongo, mfereji wa Wachaga wa kumwagilia mashamba. Migomba ikinyauka kihambani, shambani kwenu, babu yako hakukimbilia kupanda mingine. Alibeba jembe akapandisha kutafuta mfongo ulipoziba. Ni kazi ileile, ila huku maji yanakuja na kurudi.

Riziki? Mshahara wa kuanzia ni mdogo, sikufichi. Lakini kule Gazi, Kenya, mtafiti James Kairo hakuchoka na ghuba ile ile miaka nenda rudi, na tangu 2013 wanakijiji wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko yao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Fedha zimeingia kwenye maji na shule.

Likizo hii shuka Rufiji, ukae na wavuvi kuanzia bamvua hadi maji mafu, yale yasiyojaa sana. Usipande kitu. Chomeka ufito topeni, uuchonge alama, uandike maji yamefika wapi na saa ngapi. Viatu vizuri viache Kibosho; lile tope linavimeza.