Re: WWE 2K25 – pembetatu haishiki, ninunue PS5?

Salaam ndugu yangu wa Kisauni. Umesema kwenye WWE 2K25, gemu ya mieleka, unabonyeza pembetatu, kitufe cha kugeuza pigo la adui, alama yake ikitokea kwenye skrini, lakini bado unapigwa, na sasa unataka kuuza mashine yako ya PS4 ununue PS5. Usiuze kwanza.

Anza na televisheni. Ingia mipangilio ya picha, washa hali ya gemu, zima kulainisha mwendo. Televisheni ikichakata picha sana, alama unaiona wakati nafasi imeshapita, na hata PS5 haitaponya hilo. Halafu jaribu nje ya mtandao, kiwango cha kawaida. Ikishika hapo, tatizo ni intaneti. Vuta waya badala ya Wi-Fi.

Pili, bonyeza mara moja tu. Ukiipapatikia padi unatangulia. Ukiishikilia unakinga ngumi badala ya kugeuza pigo.

Kinachowaangusha wengi hasa ni mfululizo wa mapigo. Adui akishaanza kukushindilia, pembetatu si dawa: bonyeza kitufe kilekile anachotumia yeye, yaani mraba kwa pigo jepesi, ekisi kwa pigo zito, duara kwa kukamata. Ukikisia vibaya unakula kipigo. Lakini mtazame, kwani wachezaji wengi hurudia mpangilio uleule, mraba, mraba, ekisi. Mkate pigo la pili, usingoje la mwisho.

PS5 inunue kama unaitaka The Island, sehemu moja ya gemu hiyohiyo ya 2K25, maana PS4 haina. Kwa mieleka yenyewe, 2K25 ya PS4 yatosha kabisa, na mieleka ya kushikana mwanzoni mwa pambano imerudi, jambo zuri mno.