Ute wa bamia ndiyo gundi yake

Mhariri, wiki iliyopita mlituuliza ni pishi gani la ugenini ambalo tumejifunza mpaka likawa la nyumbani. Langu ni bamia za kukaanga, kama wanavyozipika watu wa Kusini mwa Marekani. Ninaishi Georgia, nje kidogo ya Atlanta, na kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9 wiki haipiti kikaango hakijabandikwa kwa ajili yake.

Mimi ni mtu wa Muheza. Bamia nimekua nazo: za nazi, za kuchanganya na matembele, na ule mlenda ambao bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiutia magadi kidogo ili uvutike zaidi. Kwetu bamia isiyoteleza ilikuwa haijapikwa. Basi siku jirani yangu, mama mtu mzima, Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake wote ni wa Georgia, aliponiletea bakuli la vipande vikavu, vya rangi ya dhahabu, nilitafuna kimoja kikalia kacha, nikamuuliza ni mboga gani. Aliponijibu sikuamini. Nilikula nimesimama pale pale mlangoni.

Kesho yake nikatafuta maelezo na kuanza kupika. Maelezo yale yalitaka mayai, maziwa na unga wa ngano, uji mzito wa kuchovya. Nikafuata neno kwa neno. Kilichotoka kilikuwa kama kitumbua chenye bamia katikati: ukiuma, ganda linabaki kwenye meno na bamia inachomoka nzima, laini, haina habari na ganda lake. Mara ya pili nikaacha mayai, nikakata bamia, nikaziosha vizuri ili utelezi utoke, nikazigaragaza kwenye unga wa mahindi. Unga wote ukaachia ndani ya mafuta, ukazama, ukaungua, na jikoni kukajaa moshi.

Nikamwendea jirani. Akaniambia nioneshe ulivyofanya, akasimama kando ya sinki akinitazama. Nilipofungulia maji juu ya bamia zilizokwisha katwa akanishika mkono. Aliniambia kwamba ninachokimwaga ndicho kinachoshika unga.

Hilo ndilo neno ninalotaka wasomaji wenzangu walichukue, kwa sababu maelezo mengi yanayozunguka siku hizi yanakufundisha kupigana na ute wa bamia. Pishi hili halipigani nao. Linautumia.

Alivyofanya yeye, nami ninavyofanya mpaka leo, ni hivi. Bamia zinaoshwa zikiwa nzima, kisha zinakaushwa kwa taulo moja moja, hata pale penye kikonyo. Unakata kichwa, unakata vipande vya unene wa sentimita moja hivi, unaviweka kwenye bakuli pana na kunyunyiza chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo. Unageuza kwa mkono, halafu unaacha kwa dakika 10. Chumvi inavuta maji kutoka pale kisu kilipopita na ute unaamka. Ukirudi, gusa kipande kimoja kwa kidole na uinue: utaona nyuzi nyembamba zinavutika, zinang'aa. Ukiona nyuzi hizo, mimina unga. Hakuna yai. Mtindi nao una wenyewe huku, wengi huchovya bamia ndani yake kabla ya unga, lakini jirani yangu huutumia tu kama bamia zimelala siku mbili tatu na zimeanza kukauka. Bamia mbichi ya asubuhi inajitosheleza.

Unga ni wa mahindi, kikombe kimoja, pamoja na pilipili manga nusu kijiko cha chai na pilipili nyekundu kidogo. Huku unga wao una chembe, ukiusugua kwenye vidole unakwaruza kama mchanga laini, na chembe hizo ndizo zinazolia kacha. Sembe yetu ni laini mno kwa kazi hii. Inashika, ndiyo, lakini ganda linakuwa jembamba na linalainika upesi. Kwa walioko nyumbani ningeshauri dona ya mashine ya mtaani, na wala msiichekeche. Zile chenga ambazo kwa kawaida tunawapa kuku, hapa ndizo tunazozitaka. Ukishagaragaza, chukua vipande kwa chujio na ung'ute kidogo, kwa sababu unga usioshikwa na ute ndio unaoungua chini ya mafuta.

Mafuta yawe na kina cha sentimita 2, moto wa kati kuelekea mkali, kama nyuzi 180 kwa wenye kipimajoto. Asiye nacho atupie kipande kimoja: kikizama na kunyamaza, bado, kikichemka pembeni mara moja na kuelea, tayari. Tia vipande vichache kwa awamu, na hapa naomba muwe wagumu hata kama watoto wanalia njaa. Bamia ina maji mengi. Ukijaza kikaango, mafuta yanapoa, maji hayatoki kwa haraka, ute unalainika na kuachia unga, na umerudi kule kule nilikoanzia. Dakika mbili za kwanza usiguse kabisa. Kisha geuza kwa kijiko cha matundu, ngoja dakika mbili tatu nyingine mpaka ziwe kahawia iliyokolea, zitoe kwenye wavu au karatasi, na chumvi ya mwisho ipite zikiwa bado zinachemka juu juu.

Kikaango cha jirani ni kile cheusi kizito cha chuma cha kusubu, alichoachiwa na mama yake. Kiwanda cha Lodge huko South Pittsburg, Tennessee, kinavitengeneza tangu 1896, na nyumba nyingi za Kusini vinarithiwa kama sisi tunavyorithi kinu. Uzito wake unashika joto bamia zinapoingia. Karai nzito inafaa pia, ila awamu ziwe ndogo zaidi.

Kuchagua bamia ni nusu ya kazi. Zisizidi urefu wa kidole cha kati. Vunja ncha: ikikatika kwa mlio, nunua, ikipinda bila kukatika, imeshakuwa kamba, na hakuna mafuta yatakayoilainisha. Ua likishaanguka, tunda linafaa kuchumwa ndani ya siku chache tu, kwa hiyo katika joto la mwezi wa 7 wenye bustani huku huchuma kila baada ya siku moja au mbili. Wanavaa mikono mirefu, maana vinyweleo vya mmea vinawasha. Mbegu inayopandwa sana, Clemson Spineless, ilitolewa mwaka 1939 na chuo cha Clemson cha South Carolina, na kama jina lake linavyosema (spineless ni isiyo na miiba), sifa yake ilikuwa kupunguza vinyweleo hivyo vikali.

Jambo jingine lilinigusa taratibu, kadiri nilivyozoeana na majirani. Bamia ilivuka Atlantiki kutoka Afrika katika zama za biashara ya utumwa. Neno okra linalotumika huku limetoka kwa Waigbo. Kule Louisiana mchuzi wao maarufu unaitwa gumbo, jina lililotoka katika lugha za Kibantu za Angola ambako bamia ni kingombo. Nina shoga yangu Mkongo anayeishi Clarkston, mji mdogo hapa jirani wenye wakimbizi wengi na Kiswahili kinachosikika hadi kituo cha basi. Yeye hasemi bamia, anasema gombo, kwa njia ya Kifaransa. Siku nilipomkutanisha na jirani yangu, mmoja akasema gombo, mwingine gumbo, wakatazamana. Na mahindi yaliyofunika bamia kwenye sahani ile yalipita njia ya kinyume: ni zao la Amerika lililovushwa kuja kwetu. Nilizisoma habari hizi kitambo, lakini siku ile ndipo ziliponiingia.

Wao huzila kama mboga ya pembeni, pamoja na kunde, vipande vya nyanya mbivu na mkate wa mahindi. Mimi huongeza kachumbari ya ndimu. Zisifunikwe, mvuke unazilegeza, na zisingoje wageni.

Mama yangu alikuja kututembelea, na siku ya pili nikamkaangia. Hakula kwanza. Alichukua kipande kikubwa, akakivunja katikati kwa kucha, akakileta karibu na macho na kuvitenga polepole vile viwili. Uzi mwembamba ukavutika baina yake. Akaniuliza kama unga wa ugali upo.