Usingoje afike mwaka

Dada, umeuliza kama mazoezi ya mwanao yangoje afikishe mwaka, bibi akiendelea kumkanda. La, mazoezi hayangoji mwaka. Mtoto wa miezi mitano anayekunja ngumi ya kushoto muda wote na kunyooshea vitu mkono wa kulia tu apelekwe sasa. Kwa kawaida mtoto hachagui mkono kabla ya mwaka. Nafanya fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya mwili) ya watoto hapa Malindi, na mwongozo wa kimataifa uliotoka 2017 uko wazi: dalili za hatari zikionekana, anza, hata kama mtindio wa ubongo (ulemavu wa mwendo utokanao na ubongo kuumia ungali mchanga) haujathibitishwa, maana ubongo mchanga hujifunza kwa kutumiwa.

Bibi kumkanda kwa mafuta ya nazi si vibaya, ila si tiba. Faida iko pale mtoto mwenyewe anapojisogeza. Akiwa macho, mlaze kifudifudi juu ya leso, weka cha kuchezea upande wa kushoto, mbali kidogo, umwache ahangaike nacho. Usimvute mkono. (Kama alizaliwa njiti, hesabu umri tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.)

Akishtuka-shtuka mwili kwa mfululizo, au akipaliwa kila anyonyapo, hayo si ya mazoezi. Amuone daktari leo leo.