Jibu: Adapta ipi kwa iMAX B6?

Ndugu, umeuliza kama adapta ya laptopu ya volti 19 itafaa kuendesha iMAX B6 yako, ile chaja ya betri. Tafadhali usiichomeke. Chaja hiyo hupokea volti 11 hadi 18, na hiyo moja iliyozidi inaweza kuiunguza.

Ampea zisikutishe. Adapta ya ampea 10 haisukumi ampea 10 kwa lazima. Chaja huchota inachohitaji tu. Cha kuogopa ni adapta dhaifu: inapata moto, volti zinaporomoka, chaja inakata katikati ya kazi. Hesabu yake ni hivi: B6 hutoa wati 50 kwenye betri, na sehemu ya umeme hupotea kama joto, kwa hiyo weka wati 65 upande wa kuingilia. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 5 na nusu hivi. Nunua ya volti 12, ampea 8, ulale usingizi.

Mimi natumia pawa saplai ya kompyuta ya zamani. Waya wa njano ni volti 12, mweusi ni hasi, na wa kijani ukiunganishwa na mweusi inawaka. Nyaya za njano ziunganishe tatu pamoja zisipate joto. Pawa saplai za boksi la bati zinazouzwa kwa taa za LED nazo ni nzuri, ila skrubu za umeme wa ukutani huwa wazi. Zifunike kabisa, hasa kama kuna watoto nyumbani, na waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) usiache kuuunganisha.

Kabla ya kuunganisha chaja, pima kwa mita uhakikishe chanya na hasi havijageuzwa.